Diski ya nje, flashi au Google Drive: nihifadhi wapi maandishi yangu?

KalamuNyeusi
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi naingia dukani kununua kitu cha kuhifadhia nakala ya maandishi yangu. Nasitasita kati ya diski ya nje, flashi mbili tatu, au nisinunue chochote, niweke yote Google Drive. Ipi salama zaidi?

Fundi_Jioni
Salama dhidi ya nini, mkuu? Mwizi, moto, kirusi, au mtu wa nyumbani anayechungulia? Kila kimoja kina dawa yake. Hujasema mzigo una ukubwa gani, kompyuta ni ya aina gani, wala kama unaandikia Word au Google Docs. Riwaya ya maneno 80,000 ikiwa maandishi matupu haifiki MB 1. Usije ukabeba diski ya TB 2 kwa kitu kinachoingia kwenye barua pepe.

BintiMaktaba
Drive, basi. Unapewa GB 15 bure, japo unazigawana na Gmail na picha zako. Moto ukiwaka, laptopu na flashi vinaungua pamoja kwenye kabati moja.

Zingatia
Dada, folda inayojisawazisha si akiba. Ukifuta faili kwenye laptopu linafutika na kule, na kapu la taka la Drive linashika siku 30 tu. Kirusi kikiyafunga mafaili, hayo yaliyofungwa ndiyo yanayopanda mtandaoni. Jambo la pili linaumiza waandishi wengi: lile faili lenye mwisho wa .gdoc unaloliona kwenye kompyuta ni kiungo tu, ndani hamna hata sentensi moja ya kazi yako. Ukilinakili kwenye flashi umenakili anwani. Anayeandikia Google Docs apakue kwa Google Takeout na achague .docx.

KalamuNyeusi
Samahani, nilifupisha mno. Laptopu ni Windows 10 Home, naandikia Word. Kuna riwaya, shajara ya miaka 9 na picha za daftari za zamani, jumla kama GB 3. Nyumba yetu ina watu wengi na shajara sitaki isomwe na yeyote.

Fundi_Jioni
Sasa tunaelewana. Windows Home haikuruhusu kufunga flashi kwa BitLocker, kifungio cha Windows yenyewe, inafungua tu iliyofungwa kwenye toleo la Pro. Tumia VeraCrypt, programu ya kufunga mafaili kwa nywila, ni ya bure. Chagua kutengeneza faili-sanduku, yaani faili moja linalobeba mengine ndani, lipe GB 6, acha AES na SHA-512 (njia zake za kufungia) kama zilivyo, umbizo liwe exFAT. Kwenye hatua ya mwisho zungusha kipanya mpaka ule mstari ujae, maana mwendo wa mkono wako unasaidia kufanya funguo zisibahatishike. Likishafunguliwa linaonekana kama diski ya kawaida, tuseme M:. Lifunge kwanza ndipo uchomoe flashi. Ukichomoa likiwa wazi, unaweza kuharibu orodha ya mafaili ndani.

Zingatia
Ongeza hili: VeraCrypt kwa kawaida haibadilishi tarehe ya sanduku hata ukiandika ndani yake. Programu ya kusawazisha inaona tarehe ileile na ukubwa uleule, inadhani hakuna jipya, haipandishi kitu. Nenda kwenye mipangilio uondoe alama ya kuhifadhi tarehe. Kama lengo ni mtandaoni, mimi nasema Cryptomator. Inafunga kila faili peke yake, hivyo ukirekebisha sura moja inapanda hiyo moja, si GB 6 nzima.

ChunguzaChipu
Mnaruka jambo la msingi, flashi yenyewe. Zinazouzwa mezani zimeandikwa TB 1, bei ya kutupa, ndani kuna chipu ya GB 32 iliyodanganywa iseme uongo. Uharibifu wake hauonekani mapema. Mafaili ya kwanza yanafunguka vizuri, mtu anaamini. Akivuka GB 32, data mpya inapotea au inaandikwa juu ya ile ya zamani, lakini majina yote yapo, na ukubwa unasomeka sawasawa. Siku laptopu inapokufa ndipo Word inasema faili limeharibika, na ukilitazama kwa ndani ni sifuri tupu mwanzo hadi mwisho. Hapo hakuna fundi wa kukusaidia, kwa sababu hayo maneno hayakuwahi kuandikwa popote.

Kwa hiyo ukifika nyumbani, kabla ya kuweka hata herufi, endesha programu ya H2testw. Inajaza flashi yote kwa mafaili ya majaribio kisha inayasoma tena. GB 64 kwa mwendo wa MB 10 kwa sekunde ni karibu saa 1 na dakika 50 kuandika tu, halafu bado kusoma. Vumilia.

BintiMaktaba
Mbona mnamzungusha? 7-Zip, ile programu ya kubana mafaili, nywila, kwisha.

Fundi_Jioni
7-Zip ni nzuri kwa kutuma, dada, si kwa kazi ya kila siku. Ukifungua shajara ukiwa ndani yake, inatoa nakala isiyofungwa kwenye folda ya Temp. Umeme ukikatika na betri imechoka, nakala inabaki pale. Word nayo ina tabia hiyohiyo: nakala za dharura zinakaa kwenye folda ya AppData, nje ya sanduku lolote. KalamuNyeusi, nenda kwenye mipangilio ya Word uhamishie mahali pa nakala hizo ndani ya M:.

KalamuNyeusi
Asanteni. Nywila nimefikiria methali, maana haisahauliki.

Zingatia
Hapana, mkuu. Methali zote zimo mtandaoni, na programu za kubahatisha zinalishwa sentensi nzima nzima. Kubadili "a" kuwa "@" hakusaidii. Tumia orodha ya Diceware ya maneno 7,776, kila neno lina namba yake ya dadu: rusha dadu tano kupata neno moja, rudia mara sita.

BintiMaktaba
Na akifariki? Riwaya ife naye? Aache bahasha kwa ndugu.

KalamuNyeusi
Ndugu ndio haohao nisiotaka wasome.

ChunguzaChipu
Gawa nywila. Watu watatu, kila mmoja maneno manne kati ya sita: wa kwanza 1 hadi 4, wa pili 3 hadi 6, wa tatu 1, 2, 5 na 6. Wawili wowote wakikutana wanafungua.

Zingatia
Piga hesabu kwanza. Kila mmoja anakosa maneno mawili tu, yaani 7,776 mara 7,776, kama milioni 60. Mwenye kompyuta yenye kadi nzuri ya picha anaweza kuyamaliza. Fanya maneno tisa, kila mmoja ashike sita. Hapo anakosa matatu, zaidi ya bilioni 470.

BintiMaktaba
Na wawili wakipatana akiwa bado hai?