NZE (Toyota Corolla) inavuja oili ya gia boksi: sili, dawa ya chupa au gia boksi ya Japani?

Msafiri_Lanet: Wadau, gari langu la otomatiki linadondosha oili nyekundu. Fundi mmoja hapa Nakuru anataka kubadilisha sili (mpira unaozuia oili isitoke), mwingine ananisukumia gia boksi iliyotumika kutoka Japani. Dukani nimeonyeshwa dawa ya chupa. Ijumaa napeleka watoto Kisumu. Nichague lipi?

Kondele_Garage: Gari gani, la mwaka gani? Inavujia wapi? Hujasema lolote.

Msafiri_Lanet: NZE ya 2003. Asubuhi nikitia D inakawia kushika. Inapovujia sijapajua.

Kondele_Garage: Kukawia huko kunaonyesha huenda oili imepungua. Ipime gari likiwa limepata joto, injini inanguruma, gia kwenye P. Kisha osha chini, ulaze katoni usiku. Tone likiangukia chini ya sampu (bakuli la oili chini ya gia boksi), shuku gasketi yake. Upande wa gurudumu la mbele, sili ya shafti inayozungusha gurudumu. Likitokea injini inapokutana na gia boksi, ni sili ya mbele, na hapo gia boksi lazima ishuke. Sili yenyewe ni bei ndogo, kazi ndiyo ghali.

Mama_Milimani: Mimi naamini dawa. Inavimbisha mpira uliokauka, tone linakoma.

Kondele_Garage: Mama, mpira uliochanika hauvimbi ukaungana.

Ahero_Boy: Kaa mbali na hizo za Japani! Yangu niliuziwa Kisumu, imetolewa kwenye rundo, matundu wazi, vumbi tele. Siku za kwanza ilikwenda vizuri. Mlima wa kuelekea Londiani, injini ikanguruma gari limesimama, lori zinanipita, mke wangu mjamzito ndani. Sampu ilipofunguliwa, sumaku ilikuwa imevaa tope la chuma na oili nyeusi inanuka kuungua. Muuzaji akasema warantii iliishia kwenye kuwasha. Na ile yangu ya zamani, iliyokuwa ikivuja tu, ilishauzwa chuma chakavu.

Bondeni_Spea: Pole sana. Ila si zote mbovu, ninazo safi.

Mama_Milimani: Unajisifia biashara.

Rift_Otomatiki: Mnasahau oili. Hiyo 2003 inatumia Type T-IV, isitiwe ya CVT (gia boksi za mkanda, zisizo na hatua za gia).

Bondeni_Spea: Dexron, oili nyingine ya otomatiki, inafanya kazi ileile, bei nafuu.

Rift_Otomatiki: Haifanyi! Soma kitabu cha gari.

Msafiri_Lanet: Katoni ina tone karibu na gurudumu la kushoto.

Kondele_Garage: Sili ya shafti hiyo. Shafti yenyewe haina mkwaruzo pale sili inapokaa? Piga picha.

Ahero_Boy: Na Ijumaa, watoto wapande matatu.