Kuonyesha kazi ambayo bado haijaisha, mnafanyaje saa ya maoni?

binti_wa_kigamboni:
Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri, hasa nyie mnaofanya sanaa za jukwaani. Nina miaka 24, naandika mchezo wa mtu mmoja na naigiza mwenyewe, unamhusu bibi yangu aliyekua mama karanga pale Feri, ananunua samaki mnadani alfajiri, anakaanga, anatembeza na beseni kichwani mpaka Kariakoo. Nimeshapata kama dakika 20, nataka ufike lisaa limoja.

Sasa mwezi wa tatu nilipata nafasi kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, usiku wa wasanii wachanga, nikaonyesha hizo dakika 20 nikiwa nimeshika karatasi maana sehemu nyingine nilikua sijazikariri. Nilivyomaliza mshereheshaji akachukua maiki akasema "haya, nani ana maoni?" basi. Baba mmoja akasimama akaongea karibu dakika 10 jinsi yeye angeuandika, wa pili akaniuliza kama nimeolewa, wa tatu akasema kanga nimeifunga juu sana haina heshima, na kumbe kuna mtu alikua anarekodi, asubuhi nakuta klipu imeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanasema huyu hajui kuigiza anasoma karatasi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu bibi. Daftari nikaliweka chini ya godoro, miezi mitano sikuligusa.

Nimeitwa tena, mwezi wa 11, jioni ndogo ya wanawake pamoja na wale wasiojihesabu kuwa wanawake wala wanaume, kila mtu alete kazi ambayo bado iko jikoni. Nataka sana kwenda. Ila ile saa ya maoni naiogopa kuliko kuigiza kwenyewe. Nyie mnafanyaje?

MamaWawili_Sinza:
Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa kulitoa hilo daftari.

Kilichokuumiza ni lile swali la "nani ana maoni", ukiuliza hivyo unamkabidhi maiki mwenye sauti kubwa, na kwenye kumbi zetu unajua ni nani. Mimi sekondari nilikua klabu ya Tuseme, ule mradi ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 na kina Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba. Wasichana tunatafuta wenyewe tatizo letu, tunaligeuza igizo, tunacheza mbele ya shule nzima walimu wakiwemo, alafu tukimaliza hatuondoki, tunabaki palepale mbele na sisi ndo tunauliza maswali. Mwalimu mkuu ananyoosha mkono kama wengine! Hiyo imenikaa mpaka leo.

Ukubwani nikakutana na utaratibu wa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, aliutengeneza kuanzia mwaka 1990 kwa sababu nae alichoshwa na namna wasanii wanavyokosoana. Una hatua nne na ule mpangilio ndo dawa yenyewe. Kwanza watazamaji wanasema kitu gani kimewagusa au kimewabaki kichwani, wanaishia hapo. Pili msanii ndo anauliza, kwa hiyo wewe unakuja na maswali yako matatu umeyaandika, mfano "pale bibi anapohesabu hela gizani, mlielewa anamficha nani?" Tatu wao wanakuuliza, ila swali lisiwe na hukumu ndani yake, yaani mtu asiseme "kwanini kanga umeifunga juu hivyo", aseme "ulivyochagua kufunga kanga vile ulikua unafikiria nini". Hapa watu wengi wanakwama, unaona kabisa mtu anahangaika kutoa mwiba kwenye swali lake, wape muda. Nne ndo maoni, na hata hayo kwa ruhusa, mtu anaanza kwa kusema "nina maoni kuhusu kanga, ungependa kuyasikia?" na wewe unaweza kujibu hapana asante, akakaa. Nimemuona binti akisema hapana mbele ya watu 30 na ukumbi ukakubali, machozi yalinitoka.

Ila kuwe na mtu mwingine wa kuongoza hayo mazungumzo, usiongoze mwenyewe, ukishatoka kuigiza unakua bado unatetemeka. Na mwanzoni alika watu wachache uliowachagua, 15 wanatosha.

jioni_ya_nai:
Niko Nairobi, mimi si mwanamke wala si mwanaume, na hizi jioni ndogo ndizo zimenilea kisanaa. Pole kwa yaliyokupata.

Kitu hakijatajwa hapa ni simu. Kwa wengine wetu klipu ikitoka si kuchekwa tu, landlord anaiona, watu wa nyumbani wanaiona, na unaweza jipata unatafuta nyumba ingine. Kwetu tunaweka kiondo kikubwa mlangoni, kila simu inaingia humo ikiwa na kipande cha selotepu chenye jina la mwenyewe, na mtu mmoja anakaa hapo usiku wote. Wageni wengine hulalamika dakika tano za kwanza, alafu wanasahau.

Pia mwambieni mshereheshaji mapema vile kila msanii anataka kuitwa. Kiswahili kimetubeba hapa, "yeye" haisemi kama ni mke au mume, mtu anaweza kunielezea kutoka mwanzo hadi mwisho na nisiumie popote, shida huja akitaka kunipa heshima ndio anasema "tumkaribishe dada yetu". Siku hizi huwa naandika sentensi mbili za kunitambulisha nampea azisome vile zilivyo.

Lakini MamaWawili, hapo kwa watu 15 sikubaliani na wewe kabisa. Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka wa 1977, waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikuwa wanafanya mazoezi ya mchezo wao nje, peupe, kila mtu anaona, na wanakijiji walikuwa wanawakatiza, eti mzee wa umri huo haongei hivyo, wanarekebisha mpaka maneno yanakaa sawa. Serikali ilipiga marufuku mchezo mwezi wa 11 mwaka huohuo, lakini fikiria kazi ilikuwa imepita mikononi mwa watu wangapi kufikia hapo. Wale watu walikuwa wanayajua maisha yaliyokuwa yanaigizwa, hiyo ndiyo ilifanya maoni yao yawe na uzito.

Kwa hivyo nakuuliza binti_wa_kigamboni, hao mama karanga wa Feri washaiona hiyo kazi?

fundi_wa_taa:
Mimi ni mwanaume, nafunga taa na sauti kwenye kumbi, nitasema la fani yangu tu.

Usikubali wakuwashie taa za shoo. Ukiwekewa taa za rangi na moshi mtazamaji anaona kitu kilichokamilika na anakudai hivyohivyo. Omba taa nyeupe za kawaida, zile tunazofanyia kazi tukiwa tunapanga jukwaa, na upande wa watu uachwe mwanga kidogo waonane nyuso. Viti viwe nusu duara. Yule anaekurushia maneno mara nyingi yuko mstari wa mwisho gizani, ukimleta kwenye mwanga akiwa ameangaliana na wenzake anaongea kama mtu. Karatasi yako usiifiche, ishike wazi, na kabla hujaanza waambie hizi ni dakika 15, mwisho wake bado sina. Kama unataka rekodi weka kamera moja, ya kwako, nyuma, utajisikilizia baadae wapi ukumbi ulinyamaza.

rangi_na_brashi:
Naongezea upande wa wachoraji. Nafasi Art Space pale Mikocheni studio ni makontena, mgeni anaingia anakukuta na turubai iko nusu, mi huwa sisemi kitu dakika za kwanza, naangalia tu wanasimama wapi na macho yanarudi wapi. Ila jamani kuna kazi nyingine ukiionyesha mapema sana inakufa mkononi. Kama kuna sehemu ya bibi ambayo bado inakuuma mwenyewe, iache nyumbani kwanza, sio lazima kila kitu kipande jukwaani mwezi wa 11.

binti_wa_kigamboni:
Jamani asanteni, nimesoma kila mstari. rangi_na_brashi umenigusa, kifo cha bibi nakiacha nyumbani.

jioni_ya_nai swali lako lilinikosesha usingizi kwa hiyo juzi Jumamosi nikaenda Feri. Nikawakuta mama watatu, mmoja anamkumbuka bibi, anamtaja kwa jina la utani ambalo nyumbani sijawahi kulisikia. Nikawaigizia dakika 8 palepale pembeni ya karai, karatasi mkononi, huku mnada unapiga kelele nyuma yetu. Nimefika pale bibi anageuza samaki, yule mama akanishika mkono, akasema subiri mwanangu, hapo umeshaungua. Akanionyesha. Unasimama upande unakotokea upepo, mguu mmoja nyuma, samaki humgeuzi mpaka ngozi ijiachie yenyewe kwenye karai, ukimlazimisha anamegeka na hiyo ni hasara yako, na mkono wa kushoto muda wote uko kiunoni kwenye fundo la kanga maana ndo pesa ilipo. Mkono wa kushoto! Mi nilikua nauacha unaning'inia tu mchezo mzima. Alafu nikamuuliza kuhusu kanga, kwamba niliambiwa nimeifunga juu sana. Akaniangalia akasema sasa ukiifunga chini pindo si litashika moto?

Nilirudi na pantoni nimesimama pembeni nafanya ule mkono peke yangu.

Amesema atakuja mwezi wa 11, nimeshamwekea kiti cha mbele. Maswali yangu matatu nayaandika leo, na la simu nimeshaongea na waandaaji, wamekubali kikapu mlangoni. Kilichobaki ni mtu wa kuongoza. MamaWawili, samahani nakuomba hapa mbele za watu, una nafasi jioni hiyo?

MamaWawili_Sinza:
Nipo mwanangu. Nitumie tarehe pm, na hayo maswali matatu nione kabla.