Tupeane uzoefu: siku ya kwanza kula pweza

Mwana wa Singida:
Wakuu, jana jioni nimepita Magomeni, wauza supu ya pweza wamejipanga, ile harufu ya ndimu na pilipili ikanirudisha 2011.

Nilikwenda ukweni Makunduchi mara ya kwanza. Kwetu kitoweo ni kuku na mlenda. Mama mkwe kaandaa wali, pweza wa nazi na achari ya embe. Bakuli lilipofunuliwa nikaona mikono imejikunja, ina viduara viduara kama vifungo vya shati. Kipande cha kwanza nilitafuna mpaka taya zikauma, hakipungui. Mama yuko pale, "Kula baba, usione haya." Kila akiinuka kwenda jikoni nachovya mkono, natia kipande kwenye mfuko wa koti. Koti lenyewe la kuazima. Vitatu, vinne, mchuzi unanishukia pajani, nami natabasamu tu.

Tukahamia barazani kwa wazee. Paka wa pale akanifuata. Akalia. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akatia kucha mfukoni, pweza huyoo kwenye jamvi, mbele ya baba mkwe. Mzee akamtazama pweza, akanitazama mimi. "Baba, ungesema tu, ukakaangiwa yai."

Mpaka leo shemeji zangu wananiita Paka.

Kidagaa:
Nimecheka mpaka nimeamsha mtoto.

Bi Mkubwa wa Jambiani:
Umejipalia makaa kama pweza mwenyewe! (Wa bara: pweza akiwekwa motoni mikono hujikunja, akajivutia makaa.) Ila huyo hakupigwa vizuri. Sisi maji ya bamvu (yale yanayojaa na kupwa sana) yakishapwa tunaingia na kijiti chetu, tukimpata tunampiga kwenye jiwe mpaka alegee, ndiyo aingie chunguni. Na chumvi mwisho kabisa.

Muuza Supu Temeke:
Chumvi mwisho? Mimi natia tangu mwanzo, mwaka wa sita huu, hajalalamika mtu.

Bi Mkubwa wa Jambiani:
Wateja wako wanafuata nguvu za kiume, mwanangu, ladha watajulia wapi.

Muuza Supu Temeke:
Tusiharibiane biashara, mama.

Kijana wa Kibokoni:
Pweza wa nazi njooni Mombasa. Huko Unguja mwamtia bizari mpaka mtu hajui ala nini.

Jirani wa Forodhani:
Mombasa ipi? Kwani pweza wenu ana pasipoti?

Kijana wa Kibokoni:
Wewe wauzia watalii mishikaki ya jana iliyopashwa, nyamaza.

Mgeni Mtwara:
Mimi pweza hana neno, kamba ndio adui. Nikila viwili macho yanavimba. Nifanyeje?

Kidagaa:
Kunywa maziwa.

Nesi Mstaafu:
Maziwa ya nini? Acha kamba kabisa. Na ukiona pumzi inabana, hospitali mbio.

Mpemba Asili:
Mnacheka, nami nimekumbuka kasa, yule kobe wa baharini. Nilikuwa na miaka tisa, mjomba kaja na nyama, nyumba nzima tukafurahi. Usiku midomo ikawaka kama nimelamba upupu, mate hayamezeki, natapika mpaka alfajiri. Mdogo wangu alilala tu, ukimwita hajibu, mama kamkumbatia anasoma Yasin. Siku tatu. Tulipona sote, sijui kwa nini sisi. Machi 2024 kisiwani Panza, huko huko Pemba, walikufa watu tisa kwa nyama hiyo, wanane watoto. Sumu yake haitoki kwa kuchemshwa, hata upike kutwa. Na kasa mwenye sumu humjui kwa macho. Ukikaribishwa, kataa, hata kama ni ukweni.

Kidagaa:
Dah. Pole sana ndugu yangu.

Nesi Mstaafu:
Na bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, msimguse. Wavuvi wenyewe humtupa.

Jirani wa Forodhani:
Kasa pia ni marufuku kisheria, ukikamatwa ni jela.

Kijana wa Kibokoni:
Hapo twakubaliana.

Fundi Friji:
Turudi kwa pweza. Msimpige wala nini, mgandisheni siku mbili, akiyeyuka kashalainika.

Bi Mkubwa wa Jambiani:
Uvivu huo.

Mama Wawili Dodoma:
Wengine tutieni papai bichi, jiwe la kumpigia nitalitoa wapi huku. Hebu semeni basi, nina pweza jikoni sasa hivi: chumvi mwanzo au mwisho?

Bi Mkubwa wa Jambiani:
Mwisho.

Muuza Supu Temeke:
Mwanzo.