Viraka vya komenti na hitilafu kwenye draiva za skrini: kazi au usumbufu?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Hili jana limenigombanisha na rafiki yangu, nimeona nilete hapa.

Kwa wasiojua: ndani ya kerneli (kiini) ya Linux kuna sehemu inaitwa staging, ambako huwekwa draiva, yaani programu za kuendesha vifaa, ambazo hazijaiva. Mojawapo ni fbtft, ya zile skrini ndogo za SPI (njia ya waya chache ya kupitishia data) ambazo watu huziunganisha na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja. Wageni hushauriwa waanzie staging, nami ndiko nilikoanzia. Nimeandaa kiraka, yaani badiliko la msimbo la kuwatumia wasimamizi wa kerneli: komenti (maelezo ya msomaji) juu ya kila fankisheni, na taarifa za hitilafu nimezipanga upya. Rafiki yangu anasema ninapaka rangi nyumba inayovuja na kuwachosha wasimamizi bure. Mimi nasema msimbo usiosomeka hautengenezeki. Viraka vya aina hii vipokelewe au vikataliwe?

Skrini Nyeupe:
Mkuu, umetia mchele na pumba kwenye gunia moja. Juu ya fankisheni inayoitwa reset umeandika "hii inariseti skrini". Asante, tumesikia. Hata mwongozo wa mtindo wa kerneli unaonya kuhusu komenti kuzidi.

Komenti yenye thamani ni ile inayosema kwa nini. Chukua ILI9341, chipu inayoendesha skrini za aina hiyo. Unaituma amri 0x11 kuiamsha, halafu unakuta draiva inasubiri. Kwa nini? Datashiti, yaani mwongozo wa kiwanda wa chipu, inasema baada ya kuiamsha usiitume amri nyingine kabla ya milisekunde 5, na usiirudishe usingizini kabla ya 120. Kwenye msimbo unaiona nambari tupu. Katika mradi mmoja niliofanya, kijana aliona kusubiri ni kupoteza muda, akafuta ule mstari. Mezani skrini ikawaka vizuri tu. Ilipofika kwa mteja, leo inawaka, kesho nyeupe pe. Wiki nzima tunabadilisha waya! Angekuta komenti ya maneno sita pale juu, asingegusa.

Mzee wa dmesg:
Komenti mnaweza kubishana hadi alfajiri. Uzito uko kwenye hitilafu.

Niliwahi kurithi draiva ambayo kila kitu kikishindikana inarudisha -1. Aliyeiandika alidhani -1 maana yake ni "imeshindikana" tu. Kwenye kerneli -1 ni EPERM, yaani huna ruhusa. Basi nikashinda siku mbili nahangaika na ruhusa za mafaili na sudo, kumbe jina la pini ya riseti lilikosewa kwenye device tree, faili linaloiambia kerneli vifaa vilivyopo na vilivyounganishwa wapi. Kerneli yenyewe ilikuwa imeshatoa jibu sahihi, -ENOENT, hakuna kitu cha jina hilo. Draiva ikalimeza, ikatapika -1.

Kuna baya zaidi. Draiva ya skrini inahitaji pini, umeme na taa ya nyuma, na vyote hivyo hutolewa na draiva nyingine. Ikiwahi kuamka kabla yao, inajibiwa -517, EPROBE_DEFER, maana yake "mwenzako hajafika, rudi baadaye". Ukiigeuza kuwa -1, kerneli inaamini imeshindikana moja kwa moja, hairudi kujaribu tena. Mashine inawaka, mtandao upo, skrini giza. Na wapo wanaoirudisha sawasawa lakini wanaitangaza kwenye logi kama msiba, mtumiaji akiona "failed" mara kumi anadhani kifaa kimekufa. Tangu 2020 ipo fankisheni ya dev_err_probe: kwa -517 haipigi kelele, kwa hitilafu nyingine inasema. Kiraka cha namna hiyo mniletee hata saa nane usiku.

Binti wa Viraka:
Shikamoo mzee. Nakubali kuhusu -1, ila mnasahau upande wa anayepokea.

Njia ya hitilafu ndiyo isiyojaribiwa na mtu, kwa hiyo ndiyo rahisi kuiharibu ukidhani unaisafisha. Nimepitia kiraka cha mtu aliyeona memori imeombwa na haiachiwi pale inaposhindikana. Akaongeza kfree, amri ya kuiachia. Hakuona kwamba iliombwa kwa devm_kzalloc, ambayo kerneli huiachia yenyewe. Sasa inaachiwa mara mbili, mashine inaanguka. Kiraka kilikuwa kisafi, maelezo mazuri, na hakuna hata mmoja aliyekijaribu kwenye skrini halisi.

Tena fbtft imo staging tangu 2015, na ILI9341 tayari ina draiva upande wa DRM, sehemu ya kerneli ya michoro na skrini, ambako ndiko kazi mpya inakoelekezwa. Kwa nini upake rangi nyumba ambayo wenyewe wanahama?

Mpita Njia:
Samahani, mimi ni wa tovuti tu. Hitilafu ikitokea si muizime mashine ijulikane moja?

Mzee wa dmesg:
Marahaba binti, hilo la devm limenipata.

Mpita Njia, hicho ndicho amri ya BUG_ON ilikuwa ikifanya, na sasa wasimamizi hawaitaki kwenye msimbo mpya. Kwa draiva ya skrini ni vibaya zaidi, maana ujumbe wa kukueleza kilichotokea utausomea wapi? Toleo la 6.10 la 2024 lilileta drm_panic, inayoandika ujumbe kwenye skrini kerneli ikianguka, lakini nayo inaitegemea hiyohiyo draiva. Rudisha hitilafu, funga ulivyovifungua kwa kuanzia cha mwisho, acha mashine iendelee.

Mpita Njia:
Na komenti zikiandikwa kwa Kiswahili?

Skrini Nyeupe:
Kwenye draiva ya ofisini kwenu, andika hata kwa Kimakonde. Kerneli inasomwa na dunia nzima.

Mleta mada:
Nimewasoma. Bado sikubali kwamba fbtft iachwe kwa sababu ni ya zamani, maana skrini hizo zimejaa mitaani na si kila mtu atahamia DRM kesho. Ila kiraka nimekigawa. Cha hitilafu kimebaki peke yake. Nilikosea jina la pini kwenye device tree makusudi, nikaitoa draiva na kuirudisha mara ishirini. Sasa logi inasema -2, yaani ENOENT, na haitajwi ruhusa popote. Komenti nilikuwa nazo thelathini na moja, nimebakiza mbili.

Binti wa Viraka:
Zipi?

Mleta mada:
Ya kusubiri baada ya 0x11, na moja inayosema memori hii ni ya devm, usiiguse.