Njiwa wa mashindano: mahindi niongeze au nipunguze?

Kijana wa Ngamiani, Tanga: Shikamooni wakuu. Njiwa wangu 20 wanakula mahindi nusu, mtama robo, choroko robo. Nikiwaachia Muheza wanarudi vizuri; Korogwe, ambako ni mbali zaidi, wanachelewa na wanatua wanahema. Nibadilishe nini?

Mzee wa Banda: Marahaba. Choroko robo ni chakula cha wazazi wenye makinda, si cha njiwa wa kuruka. Kwa kilo 10 changanya hivi: mahindi madogo 4, mtama 2, uwele 1, ngano 1, choroko 1, alizeti nusu, karanga mbichi nusu. Mpe kila njiwa kama gramu 30 kwa siku, sehemu kubwa jioni. Wakianza kuuacha mtama na kudonoa karanga tu, wameshiba, toa chombo. Siku tatu kabla ya safari ndefu punguza choroko, ongeza mahindi na karanga. Mafuta ndiyo yanayomfikisha mbali.

Mama Njiwa, Chumbageni: Naunga mkono, ila karanga hizo! Kwa unyevu wetu huu wa pwani zinaota ukungu upesi, na sumukuvu inaua ini polepole. Nunua za kutosha wiki moja tu, zianike, tupa zilizosinyaa.

Halafu mshike njiwa kabla hujagusa mchanganyiko. Mfupa wa kifua ukikwaruza kidole, kakonda. Ukizama kwenye nyama, kanenepa, na huyo lazima aheme. Akihema hata akiwa ametulia bandani, mfungue mdomo: utando wa njano kooni ni ugonjwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kijana wa Ngamiani: Ahsanteni. Na magamba ya chaza?

Mzee wa Banda: Yaponde, chombo chake peke yake, kila siku.