Tupeane uzoefu: nimeambiwa nikatibiwe mzizi wa jino, Jumatano ndiyo zamu yangu

Mwana wa Shangani
Wakuu salaam. Gego la chini kulia limenitesa tangu msimu wa korosho uanze. Nilikuwa nabugia za kukaanga, nikasikia "ka!", nikadhani nimetafuna kijiwe, kumbe kipande cha jino. Nikahamia kutafunia kushoto, maisha yakaendelea. Wiki iliyopita usiku likaanza kupiga kama ngoma ya sindimba, mpaka sikioni. Nikisukutua maji ya baridi linatulia, nikiweka kichwa kwenye mto linaanza upya. Chai ya moto ndiyo usiseme.

Jana nimepigwa eksirei hapa mjini. Dokta anasema jino lenyewe bado linafaa, kilichooza ni kinyama cha ndani, tusing'oe, tusafishe mzizi na kuuziba. Ruti kanali, ndivyo alivyoita. Nimeshang'olewa mawili maishani, hilo la kubaki na jino langu sijawahi. Waliopitia inakuwaje? Naogopa, sifichi.

Bwana Ming'oko
Pole mkuu. Ng'oa. Una mengine thelathini.

Mwana wa Shangani
Ishirini na tisa. Nimeyahesabu jana usiku, sikuwa na usingizi.

Mama Zuhura
Umenikumbusha mbali mwanangu. Mimi nilitoka Kilwa Masoko kwenda Lindi mjini kwa ajili ya jino kama hilo hilo, na gari lilivyokuwa likirukaruka nilishikilia shavu kwa mikono miwili kama nimebeba yai. Nilishakula diklofenaki mpaka tumbo likaniwaka, na antibayotiki za dukani dozi mbili. Hakuna kitu.

Nilichomwa sindano ya ganzi nyuma kabisa ya taya. Mdomo ukafa, ulimi ukafa nusu, nikajipa moyo. Alipotoboa juu tu sikusikia. Alipogusa ndani, wallahi niliona nyota mchana. Niliruka na kile kitambaa kifuani. Yule dokta, kijana mdogo kama mwanangu wa pili, akaacha, akasema, "Mama, jino lililovimba ndani huwa linaikataa ganzi, tungoje, nitaongeza." Akaongeza ya pili pembeni, na nyingine humohumo kwenye jino. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, lakini ni kama kuhesabu mpaka tano. Baada ya hapo kimya. Kimya kabisa! Nililia, si kwa maumivu, ni kwa kuwa siku ya tisa ndiyo hiyo linanyamaza.

Kilichobaki ni kuchoka. Mdomo wazi saa nzima, kimefungwa kipira juu ya jino usimeze madawa, na harufu ya Jiki inapanda puani kama nafua kanzu za Ijumaa. Vile vichuma vyao ni vyembamba kama sindano za kufumia kofia, vya rangi rangi, anazungusha kwa vidole, anatoa, anapima kwenye picha, anarudisha. Langu lilikuwa na mirija minne.

Sasa kosa langu. Akaziba kwa dawa ya muda, akasema nirudi baada ya wiki mbili. Nirudi kufanya nini na jino haliumi? Nauli nikanunulia mchele wa Idi. Mwezi wa tatu tangu hapo kile kizibo kikatoka na mhogo, shavu likavimba nikawa kama nimeficha embe. Nikaanza upya, na malipo upya. Usirudie ujinga wangu.

Chausiku wa Mingoyo
Hiyo ya kutorudi tuko wengi mama.

Mjukuu wa Newala
Mnapoteza hela. Bibi yangu alikuwa akitupa mbegu za ndulele kwenye jembe la moto, anamwagia maji, unafunikwa shuka unapiga ule moshi mdomo wazi juu ya bakuli. Wadudu wa jino wanadondoka weupe unawaona kwa macho. Nimeshuhudia.

Koti Jeupe
Ulichoshuhudia ni mbegu. Ikipata moto inapasuka, kiini chake cheupe kinachomoka kimejikunja kama funza. Fanya nyumbani: jembe, mbegu, bakuli, asiwepo mtu mwenye jino bovu. "Wadudu" watadondoka vilevile.

Mjukuu wa Newala
Kwa hiyo bibi yangu mwongo?

Koti Jeupe
Sijasema hivyo. Na yeye aliwaona kama wewe.

Mjukuu wa Newala
Umesema. Mkishavaa makoti mnadharau wazee.

Bwana Ming'oko
Bibi mwenyewe alikuwa na meno mangapi?

Mjukuu wa Newala
Sikujibu wewe.

Nahodha wa Msimbati
Ngojeni niwape yangu, maana mnaongelea maumivu, mimi naongelea GIZA.

Jino la mbele la juu, boti ilinirusha nikagonga mlingoti. Halikuvunjika, miaka miwili baadaye likageuka rangi ya chai ya rangi, na fizi juu yake ikaota kipele kinachotoa usaha. Hakuna kuuma. Mke ndiye aliyenisukuma, alisema nikicheka natisha watoto.

Nimelala kwenye kiti, ganzi imeshika, kipira kimewekwa, dokta ameingiza kichuma, anasema "huu mzizi mmoja tu, dakika arobaini tumemaliza." Pa! Umeme. Feni imekufa, taa imekufa, kiti kimeganda miguu juu kichwa chini. Dirisha dogo, pazia zito. Dokta anasema "usitikisike nahodha." Nitikisike niende wapi? Akamwita msaidizi awashe jenereta. Tukasikia kamba inavutwa: gruu… gruu… kimya. Mafuta hakuna. Kijana katumwa na kidumu kituoni. Mimi na dokta tumebaki gizani kama wachumba, kidole chake kinywani mwangu, anaongea habari za mpira kunituliza. Nilitaka kumwambia timu yake ni mbovu, sina mdomo. Jasho linanitiririka masikioni. Mwisho akakitoa kile kichuma kwa mwanga wa simu, polepole, akakihesabu na vingine mbele yangu vyote vipo, ndipo nikapumua.

Kijana karudi na mafuta baada ya saa nzima. Umeme ukarudi kabla hajafungua kidumu.

Na hapo nyumbani kwetu visima vya gesi naviona nikienda kuvua!

Chausiku wa Mingoyo
Nimecheka mpaka langu limeanza kuuma.

Kijana wa Mikindani
Nahodha hapo mwisho ndipo penyewe. Gesi itoke Mnazi Bay, ipite Madimba, iende Dar, sisi tutibiwe meno kwa tochi. Watu wa Mtwara walipinga bomba la kwenda Dar 2013 wakaonekana wakorofi.

Masasi Kumekucha
Usianze. 2013 walioumia ni sisi, nyumba zilichomwa na hakuna aliyepata umeme kwa hilo.

Kijana wa Mikindani
Nani kasema kuchoma? Nasema walikuwa na hoja.

Masasi Kumekucha
Hoja gani kwenye uzi wa meno?

Mama Zuhura
Wanangu, kuna mtu ana Jumatano yake hapa.

Koti Jeupe
Turudi. Ndugu wa Shangani: kula ushibe kabla ya kwenda, maana baada ya hapo utakaa saa kadhaa na ganzi. Waambie kama una presha, sukari, mzio wa dawa yoyote. Usibandike asprini kwenye fizi, inaunguza nyama. Antibayotiki peke yake haiponyi jino kama hilo, dawa haifiki kwenye kinyama kilichokufa. Ukivimba shavu na ukaanza kushindwa kumeza au kupumua, usingoje Jumatano, nenda hospitali usiku huohuo. Na gego likishatibiwa livishwe kofia, kifuniko kigumu cha kulikinga lisipasuke.

Masasi Kumekucha
Mimi nisingekula, naogopa kutapika.

Bwana Ming'oko
Kofia ni biashara yao. Langu sikuvisha.

Chausiku wa Mingoyo
Liko wapi sasa?

Bwana Ming'oko
Lilipasuka na pweza mkavu. Nikang'oa. Ndiyo maana nilisema tangu mwanzo ng'oa.

Mwana wa Shangani
Wakuu nimetoka. Naandika kwa kidole kimoja, kingine nimeshikia mdomo nisijing'ate. Uji wote umeishia kwenye shati. Imechukua saa moja na robo, mirija mitatu. Sindano ya kwanza niliisikia, ya pili nusu, halafu, msinicheke, nilisinzia. Narudi Jumatano ijayo. Mama Zuhura, nauli yangu nimempa mke wangu aishike.

Mama Zuhura
Hapo umefanya la maana.

Nahodha wa Msimbati
Umeme ulikuwepo?

Mwana wa Shangani
Ulikuwepo. Niliulizia jenereta kabla sijakaa.

Nahodha wa Msimbati
Na mafuta?