Huyu wakala wa kupeleka komiki kupimwa gredi katuona mabwege, leo natoa povu

Mzee wa Kurasa (mwanzisha uzi):

Wakuu, salamu baadaye. Natoka Kariakoo sasa hivi, niko ndani ya mwendokasi nimesimama, mkono mmoja bomba mkono mmoja simu. Mkiona herufi zimeruka, mjue ni hasira zikisaidiana na breki.

Simtaji. Sina haja ya kumtaja. Kila mwenye katuni hata moja ndani ya mji huu anamjua: ngazi za giza, feni inayopuliza upande wake tu, na kijiti cha meno ambacho naamini alizaliwa nacho mkunga akashindwa kukitoa.

Eti, "Mdogo wangu, plastiki haidanganyi."

Mdogo wangu! Mimi nina mtoto kidato cha nne!

Sikieni. Nina Spider-Man namba 300 ya 1988, ile ambayo Venom, yule adui wake, anajitokeza kamili kwa mara ya kwanza. Niliipata zamani kwa wauza vitabu wa chini pale Posta, muuzaji akidhani ni kitabu cha kupaka rangi. Tangu siku hiyo nimeitunza kuliko cheti cha ndoa. Nyumbani kwangu kuna kiyoyozi kimoja na hakiko chumbani kwetu, kiko kwenye chumba cha komiki. Mke wangu analala kwa feni. Mnaijua hewa ya Dar, ule unyevu wa bahari unaingia mpaka kwenye pini za katikati, zinashika kutu, kutu inahamia kwenye karatasi. Pini zangu zilikuwa zinang'aa. Picha ninazo.

Nikampa huyu bwana aipeleke Marekani ikapimwe. Kwa wasiojua mchezo: kuna kampuni kule zinapima hali ya komiki, kipimo kinaanzia 0.5 mpaka 10, kisha wanaifungia ndani ya plastiki ngumu, juu lebo yenye gredi na namba ya cheti. Hutaifungua tena, ukiifungua gredi imekufa. Kati ya 9.6 na 9.8 macho yangu hayaoni tofauti, ila bei inaiona vizuri sana. Mimi nilikuwa najihesabia 9.4, na kwa unyenyekevu 9.2.

Imerudi 6.5.

Sita nukta tano, wakuu! Hiyo ni gredi ya komiki iliyosomewa kwenye daladala ya Mbagala, dirisha wazi, mvua ya masika, na mama wa samaki amekaa juu yake.

Nikauliza kwa adabu zote, kasoro ni ipi? Lebo haisemi. Jina la komiki lipo, mwaka upo, namba ipo, imeandikwa kurasa ni nyeupe, basi. Aliyepima ni nani, alikuwa amekula au hajala, hakuna anayejua. Nikamwonyesha kona ya chini kulia. Imepinda. Ndani ya plastiki. Nikafungua simu nikamwonyesha picha niliyopiga juu ya kaunta yake mwenyewe siku namkabidhi, kona imenyooka. Halafu karibu na ile kona, ndani kwa ndani, kuna chembe ya kahawia. Nikaitazama chembe. Nikatazama sahani iliyoko mezani kwake. Sambusa. Sisemi kitu, wakuu. Nasema tu rangi zinafanana.

Huyu bwana akaichukua komiki yangu, akaigonga kwa ukucha, ko ko ko, akahamisha kijiti kutoka shavu hili kwenda lile, akanitazama kwa huruma kabisa, akasema: "Mdogo wangu, plastiki haidanganyi." Na nikitaka iangaliwe upya, nalipa upya.

Yaani kuuliza swali ni bei ile ile ya kupewa jibu bovu.

Ko ko ko. Kwa ukucha. Nitakufa na hiyo sauti.

Chumvi ya Feri:

Nimekaa siti ya mbele. Bila picha ya hiyo chembe uzi haujakamilika.

Binti Tandika:

Subirini kwanza. Mke analala kwa feni, Spider-Man analala kwenye kiyoyozi? Mimi ningekuwa shemeji yenu hiyo kona ningeipinda mwenyewe.

Fundi Redio:

Pole mkuu. Huyo huyo bwana mwaka jana alinipa yangu imewekwa kichwa chini miguu juu ndani ya plastiki, nikauliza, akaniambia "wenzako wanaigeuza meza".

Mzee wa Kurasa:

@Fundi Redio asante! Mnaona? Na alikuita mdogo wangu?

Fundi Redio:

Aliniita bosi.

Mzee wa Kurasa:

Bora wewe.

Kabati la Chuma:

Niseme kidogo kwa faida ya wengine, maana naona watu wanacheka tu na jambo lenyewe lina mizizi.

Kabla ya mwaka 2000 hakukuwa na kampuni ya kupima komiki. Muuzaji anasema ni nzuri kabisa, mnunuzi anasema imechakaa, mnakunjana mashati, mnaelewana. Kampuni zikaja kama mtu wa tatu asiyeuza wala kununua, na watu wakaziamini kwa sababu hiyo tu. Sasa angalia hali ilivyo. Kuna kitu kinaitwa kupiga pasi: komiki inapewa joto, unyevu na uzito, mikunjo inanyooka, gredi inapanda. Hiyo hawaihesabu kuwa ni ukarabati, lebo inabaki ya bluu. Ukigusa rangi kwa kalamu ndipo unapewa lebo ya zambarau na bei inaanguka. Na kampuni kubwa ya kupima na kampuni kubwa ya kupiga pasi ni mali ya mwenye nyumba mmoja. Anakunyooshea mlango wa kushoto, anakupa maksi mlango wa kulia.

Na kuhusu "plastiki haidanganyi", mwishoni mwa 2023 wakusanyaji wa Marekani wenyewe walianza kulinganisha picha za zamani za mauzo na za sasa. Wakakuta namba ya cheti ni ile ile, 9.8 ni ile ile, ila komiki ya ndani si ile. Kumbe mtu ananunua 9.8, anaifungua bila kuacha alama, anatoa nzuri anaweka ya hovyo, kisha anairudisha kampuni kudai plastiki imepata ufa. Kampuni inambadilishia plastiki na kumrudishia gredi ile ile bila kupima tena. Spider-Man namba 252 ya 1984, ya vazi jeusi, ilikuwa mojawapo ya zilizochezewa hivyo. Waliogundua ni wateja. Kampuni ilikuja baadaye kutoa orodha ya namba za vyeti vya kutilia shaka.

Kwa hiyo plastiki inadanganya vizuri tu ikipata mwalimu.

Chumvi ya Feri:

Mkuu umeandika insha. Nimesoma mpaka "niseme kidogo".

Ukuta wa Mchanga:

@Kabati la Chuma wewe unajua mambo mengi mno. Una kijiti cha meno mdomoni hapo ulipo?

Kabati la Chuma:

Ndiyo maana nchi haiendelei.

Mwana Mbagala:

Mimi nimeumia kwenye daladala ya Mbagala. Sisi komiki tunazishika vizuri. Na huyo mama wa samaki ni mama yangu.

Jicho la Tatu:

Mzee wa Kurasa, bila hasira, mgongo wa hiyo komiki ukoje? Ile mistari midogo pembeni ya pini inayovunja rangi inashusha maksi kuliko mtu anavyodhani. Mnunuzi anaangalia jalada, mpimaji anaangalia mgongo na pini na anahesabu kurasa ndani. Inawezekana ni 6.5 halali. Au uliipiga pasi nyumbani?

Mzee wa Kurasa:

SIJAPIGA PASI!!! Kwa nini kila mtu anauliza pasi? Mgongo uko safi, picha ninazo, kona ilikuwa imenyooka, na hata kama ni 6.5 halali basi si waniambie kwa nini! Mwanangu akipata 6.5 mwalimu anaweka alama nyekundu nione alipokosea. Mimi nimelipa, nimelipia usafiri kwenda, nimelipia bima, nimelipia kurudi, halafu nagongewa ukucha. Ko ko ko. Mbele ya kijana wa dukani, akacheka na yeye!

Binti Tandika:

Jumla umelipa shilingi ngapi?

Mzee wa Kurasa:

Sitaji. Wife yumo humu.

Binti Tandika:

Nimeshamwita.

Panga Butu:

Yaani mtu mzima, kidato cha nne ana mtoto, anapeleka katuni Marekani kwa ndege. Sisi wengine hata Bagamoyo hatujafika. Nani ananunua hivi vitu?

Jicho la Tatu:

Action Comics namba 1 ya 1938, ile Superman alipojitokeza mara ya kwanza, iliyokuwa na gredi 8.5, iliuzwa dola milioni 6 mwaka 2024.

Panga Butu:

Milioni 6 za kwetu?

Jicho la Tatu:

Za dola.

Panga Butu:

Naomba namba ya huyo wakala.

Mjukuu wa Kijana:

Mimi nina Sani, yale magazeti ya katuni ya hapa kwetu, za marehemu baba, boksi zima, zilikuwa stoo. Panya wamekula kona na baadhi ya kurasa wamehama nazo. Hiyo ni gredi ngapi?

Jicho la Tatu:

Ikipungua vipande hivyo, 0.5.

Mjukuu wa Kijana:

Na panya wenyewe?

Chumvi ya Feri:

Kwa unene wa panya wa Dar, 9.8, lebo ya bluu, hawajakarabatiwa.

Mkulima wa Newala:

Mnalia na vikaratasi mjini. Njooni kwenye korosho. Unaanika, unachambua, mke na watoto mnatoa mbovu kwa mkono mpaka vidole vinakakamaa. Unafika ghalani unaambiwa daraja la pili, unyevu umezidi. Kapima nani? Kipimo. Kipimo kiko wapi? Kimetoka kidogo. Jioni unamkuta jirani yako, mmechuma mikorosho inayopakana, yeye kapewa daraja la kwanza kwa sababu shemeji yake ndiye anayeshika kalamu. Na hakuna plastiki wala cheti, unapewa kikaratasi unasubiri mnada.

Mzee wa Kurasa:

Mkulima pole sana, ila turudi kwenye kona ya chini kulia.

Mkulima wa Newala:

Kona gani wewe, nazungumzia ada za shule.

Mama Karume:

Newala sema baba. Mimi nauza mitumba, nimenunua robota la nguo za watoto, nimeambiwa gredi A, limebanwa kwa utepe, limeandikwa kwa wino mkubwa. Nalikata mbele ya wateja wangu, Mungu wangu. Soksi. Za mguu mmoja mmoja. Na koti moja la theluji la mtu wa futi saba. Nikapiga simu kwa tajiri aliyeniuzia, akasema "mama, robota ni bahati". Nimekopa kikoba!

Fundi Redio:

"Robota ni bahati" na "plastiki haidanganyi" hawa wamesoma shule moja.

Kioo Kimepasuka:

Na simu za Dubai je? Nimeuziwa gredi A pale pale Kariakoo, betri asilimia mia, nafika Ubungo imezima. Narudi naambiwa "inazoea hali ya hewa".

Ukuta wa Mchanga:

Inazoea hali ya hewa! Mpeni huyo mtu wizara.

Mzee wa Kurasa:

Wakuu huu uzi ni wa komiki. Nimefika nyumbani, nimeweka taa, chembe inaonekana vizuri kabisa, ina kitunguu. Napandisha picha.

Kioo Kimepasuka:

Mama Karume, hilo koti la theluji bado unalo? Nina ndugu anakwenda Urusi kusoma.

Mama Karume:

Ninalo, halina tundu hata moja, zipu nzima. Elfu arobaini.

Kioo Kimepasuka:

Elfu arobaini la mtumba? Ndugu yangu si wa futi saba, atalikunja mikono. Ishirini.

Mama Karume:

Ishirini nenda kavae shuka. Thelathini na tano, nakuongeza soksi.

Mzee wa Kurasa:

Picha imepanda, angalieni pembeni ya pini ya chini.

Chumvi ya Feri:

Soksi za mguu upi?

Mama Karume:

Wa kushoto zipo nyingi.

Mkulima wa Newala:

Mama, nguo za shule za darasa la tatu unazo? Nakuja Dar wiki ijayo na basi la usiku.

Mama Karume:

Zipo baba. Ukishuka usimsikilize mtu yeyote, njoo upande wa reli, uliza meza ya mashuka.